Kikanyagio cha Kushoto cha Numero Saba

Harufu inayonirudisha kule upesi kuliko nyingine zote ni ya mafuta ya taa yaliyokorogwa na masizi na tone moja la mawese. Si harufu nzuri. Inakaa kooni kama dawa, na ukiishika kwa vidole itakufuata hadi kwenye sahani. Mama yangu aliikoroga ndani ya kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, kwenye baraza ya mjomba wangu Saidi mjini Butembo, msimu ule wa mvua ambao waasi walikuja. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Asubuhi za Butembo ni za baridi, ukungu unashuka kutoka vilimani na kuchanganyika na moshi wa mikaratusi inayowashwa majikoni, na mtu anayetembea barabarani unamsikia akikohoa kabla hujamwona. Mama alikuwa akikaa juu ya mkeka, mgongo ameuegemeza ukutani, miguu ameinyoosha, na juu ya mapaja yake kulikuwa na kichwa cha treni kidogo kisichozidi urefu wa kiganja changu. Alikuwa akichovya ncha ya kijiti kwenye mchanganyiko ule na kuupaka pale ambapo moshi wa mashini ya kweli hutoka, kidogo kidogo, kisha anafuta kwa kitambaa, kisha anapaka tena. Angeweza kufanya hivyo mpaka adhuhuri.

Butembo haina reli. Haikuwa nayo wakati ule na haina sasa. Wengi wa watoto waliokuwa wakipita mbele ya baraza yetu hawakuwahi kuona treni, na walipochungulia kazi ya Mama walidhani ni kijilori. Sisi tuliijua reli kwa sababu tulizaliwa Kindu, kwenye mto, ambako mizigo ilitolewa katika mabehewa na kupakiwa melini. Baba yangu, Selemani, alikuwa mtu wa kupanga mabehewa. Wenyewe waliiita kazi hiyo manevri. Kulikuwa na mashini ndogo ya dizeli ambayo haikwenda safari yoyote. Siku nzima ilisukuma behewa hili na kuvuta lile, mbele na nyuma, kati ya bohari na gati. Baba alisimama mbele yake, juu ya kikanyagio cha chuma kilichokuwa karibu na ardhi, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine umeshika bendera, filimbi mdomoni. Ikifika kwenye behewa, aliruka chini, akaingia katikati, akafunga ndoano, akatoka, akapuliza. Mama alimpelekea chakula kila siku kwa miaka tisa. Alisimama kwenye ua wa waya na kungoja Baba apate nafasi, na wakati wa kungoja hakuwa na kitu kingine cha kutazama isipokuwa mashini ile. Ilikuwa na namba saba ubavuni.

Mama alikuwa Mnande, mtu wa milima ya Lubero, karibu na Butembo. Aliolewa na Baba, Mwislamu wa Kindu, na akaifuata dini yake. Kaka yake alikuwa amesilimu kabla yake huko Beni, alipokuwa utingo wa wafanyabiashara wa malori, na tangu hapo aliitwa Saidi. Kwa hiyo mambo yalipoanza kuharibika Kindu, miaka minne baada ya uhuru, askari walipokuwa hawalipwi na watu wakinong'ona kwamba waasi wanapanda kutoka kusini, Baba alisema twende kwa Mjomba, Butembo, yeye atatufuata mabehewa yakipungua. Tulikwenda kwa meli, kisha kwa treni, kisha kwa lori kupitia msituni mpaka Beni, na kutoka Beni tukapanda milima. Tulikuwa watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu Idi ambaye alikuwa na miaka minne. Baba alitusindikiza hadi gatini. Alikuwa zamuni, kwa hiyo hakukaa. Nakumbuka kwamba alinisukuma begani kuelekea kwenye ngazi ya meli jinsi alivyosukuma vitu vyote, kwa kiganja kilicho wazi, na kwamba niligeuka kumwambia kitu akawa ameshakwenda.

Wiki chache baadaye redio ya Mjomba ikasema Kindu imechukuliwa. Hakuna barua iliyokuja. Mama hakulia wala hakuuliza. Alikaa pale barazani. Mke wa Mjomba, Mama Halima, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usiotulia, alimpa maharage ya kuchambua, naye aliyachambua. Alimpa mtoto wa kubeba, naye alimbeba. Ukimwambia ale, anakula. Mjomba alimwambia mkewe kwamba dada yake amekuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Mimi nilisikia na nikaona ni kweli, na sikujua la kufanya, kwa sababu mimi pia sikuwa nikisikia chochote ndani. Nilikuwa nikienda kuteka maji na kurudi.

Kile kichwa cha treni kilikuja ndani ya lori la Mjomba. Mjomba alikuwa amebeba vitu vya mzungu mmoja wa kahawa aliyekuwa akihama kwa haraka kuelekea mpaka wa Uganda, na vilivyoshindikana kupakiwa tena kwenye gari dogo alimwachia. Kulikuwa na taa isiyo na kioo, viatu vya mtoto, na boksi la karatasi ngumu lenye dirisha la plastiki. Ndani ya boksi kulikuwa na mashini ya kuchezea, rangi ya kijani kibichi, safi kama sabuni mpya. Kwenye boksi waliandika kwa Kifaransa kwamba iko tayari kukimbia. Huna haja ya kuunga chochote, unaiweka relini inakwenda. Lakini reli zake hazikuwemo, wala kile kisanduku cha umeme, kwa hiyo haikukimbia hata siku moja. Idi aliifunga kamba na kuiburuta sakafuni, akilia pii, pii, na kusema hii ni mashini ya baba.

Mama alikuwa amekaa akichambua maharage. Aliinua kichwa na kuitazama kwa muda mrefu, halafu akanyoosha mkono, akaichukua kwa Idi, akaigeuza juu chini.

“Hii hapana mashini ya baba yako,” alisema. “Haina hata fasi ya mutu kusimama.”

Ilikuwa kweli. Waliotengeneza mchezo ule walitengeneza umbo la mashini kwa mbali, kama mtu aliyeiona ikipita. Vyuma vya kushikilia vilikuwa mistari tu iliyovimba kwenye plastiki, huwezi kupitisha hata unywele nyuma yake. Mbele, mahali pa ndoano, waliweka kitanzi kikubwa cha chuma ambacho hakuna reli duniani inakitumia. Taa zilikuwa vidoti vya rangi ya fedha. Madirisha yalikuwa matundu. Na vikanyagio vya pembeni havikuwapo kabisa. Pale ambapo Baba alisimama miaka tisa palikuwa hewa tupu. Mama aliniambia nilete wembe. Nilidhani anataka kumnyoa Idi.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na sijui niieleze vipi isipokuwa kwa kusema tulifanya nini. Kwanza alikwangua ile mistari iliyovimba, polepole, wembe ukilala karibu kabisa na plastiki, mpaka ubavu ukawa laini. Kisha nikapasha sindano kwenye makaa na kutoboa matundu mahali alipoonyesha kwa ukucha. Macho yangu yalikuwa mazuri kuliko yake, kwa hiyo mimi nilitoboa na yeye alinishika kifundo cha mkono nisitetemeke. Kwa fundi wa baiskeli tuliomba kipande cha waya wa breki uliokatika. Ukiufumua, ndani mna nyuzi nyembamba za chuma, na uzi mmoja ulipokunjwa vizuri ulikuwa chuma cha kushikilia, chenye nafasi nyuma yake ambamo mkono ungeweza kuingia kama kungekuwa na mkono mdogo kiasi hicho. Vikanyagio alivikata kwa mkasi kwenye kopo la dagaa. Alivikunja mara mbili, akavibandika kwa gundi ya viatu, akavitazama, akaving'oa, kwa sababu vilikuwa juu mno. Alisema Baba alipanda bila kuinua goti. Tulivikata upya mara tatu.

Sikuwahi kumsikia Mama akiongea sana kama katika wiki zile, ingawa yote aliyoyasema yalihusu mashini tu. Aliniambia mipira ya hewa ya breki inaning'inia miwili kila upande, mmoja mrefu kuliko mwenzake. Tuliitengeneza kwa uzi mweusi uliochovywa kwenye nta ya mshumaa. Aliniambia chuma cha mkono wa kulia kimepinda kwa ndani, kwa sababu behewa la mbao lilikigonga mwaka Idi alipozaliwa na hakuna aliyekinyoosha. Tukakipinda. Taa ya mbele ya kushoto ilikuwa na ufa, kwa hiyo ushanga uliowekwa pale tuliuchagua wenye kasoro. Kijani kile kipya alikiua kwa mchanganyiko wake wa masizi na mafuta, kisha akachukua vumbi jekundu la barabarani, akalipuliza chini kwenye magurudumu, kwa sababu Kindu nako udongo ni mwekundu. Kingo za vikanyagio alizisugua mpaka bati likaonekana, maana viatu hula rangi. Mama Halima alipita, akasimama, akasema wengine wanatengeneza vitu vichakavu viwe vipya na wifi yake anatengeneza kipya kiwe kichakavu. Mama alimjibu kwamba hakitengenezi kiwe kichakavu. Hakusema anakitengeneza kiwe nini.

Jambo la mwisho kabla ya kuandika namba lilikuwa mpira. Wakati wa mvua chuma huteleza, na Baba aliwahi kuanguka, hakuumia sana. Siku ya pili yake alikata kipande cha tairi la lori akakipigilia misumari juu ya kikanyagio cha mbele cha kushoto, ambacho ndicho alichopenda kusimamia. Mkubwa wa uwanja aliona, akauacha. Hakuna mashini nyingine pale iliyokuwa na mpira. Mama alikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kidogo kama punje ya mchele, akakibandika mahali pake, na akanipa mimi nikiwekee vidoti vinne vya misumari kwa ncha ya sindano.

Waasi walikuwa wamekwisha kuingia Butembo wakati huo. Hawakuja kwa vita kubwa. Askari waliondoka, na kesho yake barabarani kulikuwa na watu wengine wenye majani na vipande vya ngozi kichwani. Makarani wa ofisi walijificha, na walimu, na kila mtu aliyekuwa na karatasi zenye mhuri. Baadhi yao walipatikana. Tulizoea kuambiwa majina asubuhi kwenye kisima. Mjomba alifukia vitabu vyake vyote vya biashara chini ya banda la kuku, akavaa kanzu kuukuu kila siku, na akakaa nyumbani. Shule ilifungwa. Mimi na Mama tuliendelea na kazi yetu barazani, kwa sababu ndani hamkuwa na mwanga wa kutosha.

Walikuja kwetu alasiri moja baada ya mvua, watu watatu. Walitaka lori. Mjomba aliwapa ufunguo kabla hawajamaliza kusema, lakini hakuna aliyejua kuendesha, kwa hiyo walimtaka na yeye. Wawili walikwenda naye nyuma ya nyumba kuona kama lina mafuta. Wa tatu alibaki na sisi. Alikuwa mtu mzima, si kijana, mwembamba, na ukanda wa ngozi ulikuwa umemkaa vibaya kwenye paji la uso. Mama siku hiyo alikuwa amepaka rangi ya namba, saba nyeupe, na kuzunguka kikanyagio alikuwa ametia rangi nyeusi ambayo ilikuwa haijakauka. Mtu yule aliitazama mashini. Akaiokota kutoka mkekani.

“Hii mulitoa wapi?” aliuliza.

Mama aliweka kijiti cha rangi kando. Mimi nilidhani atasema ni chombo cha kupeleka habari kwa adui, kwa sababu watu walikuwa wameuawa kwa kukutwa na redio, na mashini ilikuwa na waya ndani yake. Aliigeuza. Aligusa chuma kilichopinda. Aligusa kikanyagio, na kidole gumba chake kikabaki pale.

“Huu mupira ni nani aliweka?”

“Ni miye,” Mama alisema.

“Juu ya nini pa kushoto?” alitaka kujua sababu.

“Bwana yangu aliweka pa kushoto. Nilikuwa namupelekea chakula.”

Yule mtu alichutama. Alichutama kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha, na alipokuwa chini, uso wake usawa mmoja na wa Mama, alisema, “Weye ni muke ya Selemani.”

Jina lake lilikuwa Ramazani. Alikuwa mtu wa kugeuza njia za reli katika uwanja uleule. Baba akipuliza filimbi, yeye alivuta mti wa chuma na reli zikahama. Mama hakumtambua kwa sababu kibanda chake kilikuwa mbali na ua. Alitueleza kwa sauti ya chini, haraka, akitazama pembe ya nyumba ambako wenzake walikuwa wakigonga pipa la mafuta. Alisema waasi walipofika uwanjani walimkuta Baba akiendelea na kazi. Siku iliyotangulia askari waliokuwa wakikimbia walimwamuru asogeze mabehewa yao, akayasogeza. Sasa hawa waliofika wakamwamuru ayarudishe, akayarudisha. Hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Lakini Baba alikuwa na kijitabu mfukoni mwa shati, ambacho aliandikia namba za mabehewa, na kalamu iliyobanwa hapo mfukoni, na kofia ya kazi. Hakuwa amesoma; alijua namba na jina lake. Kijana mmoja alimvuta kutoka kwenye kikanyagio kwa shati.

“Balimukamata juu ya kalamu, mama,” Ramazani alisema. “Balisema ni karani. Alisema hapana, ye ni mutu ya manevri. Bakasema, kama hapana karani, basi mwenye kumujua aseme.”

Nyuma ya nyumba lori liliwaka, likazimika, likawaka tena.

“Miye nilikuwa pale,” alisema. “Nilikuwa nashika muti wa reli. Nilinyamaza.”

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilihisi nini, na kila mara napata jambo lilelile, nalo si la kujivunia. Nilikuwa nikitazama kidole gumba chake. Kilikuwa juu ya rangi mbichi, na niliwaza kwamba akikiondoa kitaacha alama, na kwamba itabidi tukwangue upya upande mzima. Hilo ndilo nililowaza nilipoambiwa kwamba baba yangu ameuawa. Mama naye hakupiga kelele. Alifuta mikono yake kwenye kitambaa chenye mafuta ya taa, kidole kimoja kimoja, akauliza swali moja tu.

“Ilikuwa siku gani?”

Ramazani alifikiri. Alisema ilikuwa Jumanne, juma lile mji ulipochukuliwa, baada ya king'ora cha mchana. Mama alianza kuhesabu kwa kugusa viungo vya vidole, midomo ikisogea. Nilijua anahesabu lakini sikujua kwa nini. Alipomaliza aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na sahani ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaiweka mbele ya mgeni kama anavyowekewa mtu yeyote aliyeleta habari kutoka mbali. Ramazani aliisogeza nyuma kwa adabu. Alisema dawa waliyopewa inawakataza kula chakula kilichotoka mkononi mwa mwanamke. Wakila, risasi zitawaingia. Alisema hivyo akitazama chini, na sijui kama mwenyewe aliamini. Aliirudisha mashini mkekani mahali ilipokuwa. Kisha wenzake walimwita, lori likatokea mbele na Mjomba kwenye usukani, Ramazani akapanda nyuma, wakateremka kuelekea Beni. Mama alibaki amesimama na sahani.

Mwalimu wa msikiti alikuja kesho yake, kwa kupita mashambani. Alisoma dua, na baadaye alimweleza Mama hesabu ambayo Mama alikuwa amekwisha kuifanya. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, nayo huanza siku ya kifo, si siku ya kupata habari. Siku hamsini na tatu zilikuwa zimepita. Maana yake ni kwamba siku tulipokata vikanyagio kutoka kwenye kopo la dagaa, Mama alikuwa edani na hajui. Na siku alipokataa vile vya kwanza kwa sababu Baba hakuinua goti alipopanda, Baba alikuwa tayari hapandi kitu chochote. Mwalimu alisema ni nafuu, siku zilizobaki zimepungua. Mama alisema ndiyo. Alivaa nguo ya eda akaingia ndani. Mama Halima aliuliza kama mwanamke aliyekatazwa kujipamba anaruhusiwa kupamba kichwa cha treni, na aliuliza kwa dhati, maana alimwonea huruma, lakini mwalimu alicheka kidogo, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akasema hilo hajalisoma popote.

Mjomba alirudi siku ya tisa, kwa miguu, bila lori, nyayo zimechanika. Hakutaka kueleza kilichotokea Beni, isipokuwa kwamba mtu mmoja mwembamba wa Kindu alimwonyesha njia ya nyuma ya mtaa wa Bungulu wakati wenzake walipokuwa wakilala mchana, akamwambia aende. Hatukusikia tena habari za mtu huyo. Mjomba alimwombea hadi kufa kwake. Mama hakuwahi kulitaja jina lake, wala kwa ubaya, wala kwa wema.

Alama ya kidole ilibaki pale kwa siku mbili. Siku ya tatu Mama aliniita ndani, akaniambia nikae karibu na mlango penye mwanga, na akanielekeza kwa maneno tu jinsi ya kuikwangua na kupaka upya. Nilifanya. Ilitoka vizuri. Idi alikuja, akaishika mashini kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akaichunguza pande zote. Kila kitu kilikuwapo sasa. Aliuliza baba yuko wapi hapa juu.

“Ameshuka,” Mama alisema.

Idi aliridhika. Alikuwa na miaka minne na watu hushuka kwenye mashini kila siku. Baada ya hapo Mama hakuigusa tena.

Eda ilipokaribia kwisha askari wa serikali walirudi, na ndege, na wazungu wa kukodiwa juu ya magari, na safari hii palikuwa na vita kweli. Tulikimbilia kwa ndugu za Mama karibu na Lubero, tukalala kwenye ghala la viazi kwa muda wa majuma matatu. Tuliporudi nyumba ilikuwa na kuta na paa, na hakuna kingine. Mashini ilikwenda pamoja na sufuria. Niliangalia mahali ilipokuwa, juu ya rafu iliyojengwa ukutani, nikaona alama yake kwenye vumbi, nikaenda kusaidia kufagia. Mwaka uliofuata nilipelekwa shule ya misheni huko Lubero. Siku ya kwanza mwalimu alitugawia karatasi ya kujaza: jina, kijiji, kazi ya baba. Niliandika, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, karani. Sikukosea. Niliitazama, nikaiacha hivyo, nikampa mwalimu. Hadi leo sijaweza kumweleza mtu yeyote, hata mimi mwenyewe, kwa nini niliandika vile.

Mama aliishi miaka mingi. Alishona, akanifundisha kushona, akafa akiwa mzee kitandani mwake, jambo ambalo katika nchi yetu si dogo. Siku ya mazishi yake nililia sana, mpaka watu wakashangaa, na katikati ya kilio nilijiuliza kama ndicho kile cha zamani kimefika kwa kuchelewa. Sidhani. Nadhani kile hakikuja kabisa. Kuna watu wanaodhani kwamba kila jambo usilolihisi wakati wake linakungoja mahali fulani, lakini mimi nimezeeka na bado silioni.

Mjukuu wangu anayesoma mambo ya umeme alinionyesha hivi karibuni, kwenye simu yake, wazee wa Ulaya wanaonunua mashini ndogo kama ile, za kusukuma mabehewa, zilizo tayari kukimbia, na kuzitengeneza upya. Wanakwangua vishikio vya plastiki na kuweka waya. Wanapaka masizi. Wanabishana kuhusu misumari. Nilitazama saa nzima na mjukuu wangu akachoka. Mmoja wao ana mikono inayotetemeka kama yangu ya sasa, na ana mashine ndogo ya kutobolea matundu ambayo ingetuokoa vidole vingi vilivyoungua. Wana taa kali, miwani ya kukuzia, picha za kila upande za mashini halisi. Sisi tulikuwa na kichwa cha Mama. Niliona wanafanya kazi safi. Nilimwambia mjukuu wangu kwamba vikanyagio vya mzee wa pili viko juu mno.

Sasa ninaishi Butembo, si mbali na ile nyumba, na ninashona sare za shule. Zamani sisi tulikimbia kutoka hapa. Siku hizi watu wanakimbilia hapa, kutoka vijiji vya upande wa Beni, wakija na magodoro kichwani, na wanaowaua huko hawaulizi hata kama una kalamu. Mwezi uliopita nilipokea mwanamke mmoja na binti yake. Simjui, aliletwa na kanisa la jirani kwa sababu nina chumba. Yeye ni Mprotestanti na mimi ni Mwislamu, na hakuna aliyelitaja hilo. Mumewe alibaki shambani. Neno analotumia ni hilo, alibaki, na sijamuuliza zaidi. Ukimwambia ale, anakula. Siku ya kwanza sikumpa pole, maana alikuwa amepewa nyingi njiani. Nilimpa kola za sare, hamsini, za kupindwa kwa mkono, nikamwonyesha mshono mara moja, nikarudi kwenye cherehani yangu. Alishona mpaka jioni. Alishona kesho yake, na keshokutwa. Mishono yake ya mwanzo ilikuwa mibaya na niliifumua akiwa amelala mchana, kisha nikaacha kuifumua, kwa sababu hazikuwa kola tu. Siku ya nne, bila kuinua macho, aliniuliza kama kuko uzi mwembamba zaidi, huu unaonekana sana. Nilikuwa nao. Niliinuka kwenda kuutafuta.